Maneno ya Sebuleni

Siku uvumilivu wangu ulipokatika nilikuwa nimeshika sahani. Ndani yake palikuwa na pap, yaani ugali wa huku, na maharage ya pilipili basi, kwa sababu nyama iliyokuwa ikichomwa pembeni sikuwa na hakika imechinjwaje. Ilikuwa mchana wa kipupwe, lile jua la Johannesburg linalowaka bila kupasha moto, na chuo chetu kidogo kilikuwa kinasherehekea. Tulikuwa tumeingizwa kwenye ligi mpya ya vyuo. Wanafunzi, walimu, wazazi wachache, hata mwenye duka la magodoro ambaye chuo kilipanga ghorofa za juu ya duka lake, wote walikuwa kwenye uwanja wetu wa kukodi, wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanamsikiliza mkuu wa michezo.

Mkuu wa michezo alikuwa Mkenya. Ndiye aliyekuwa kocha wetu vilevile, maana chuo hakikuwa na ubavu wa kuajiri watu wawili. Kipaza sauti alikipenda. Alimshukuru mwenye chuo, akawashukuru waliotuletea maji ya kunywa, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba vyuo vingine vimetoa jasho ili viingie ligi hii, lakini cha kwetu kimetoa mpaka maziwa.

Watu wengi hawakuelewa, basi akaeleza. Alieleza jinsi mkimbiaji wake mmoja aliyetoka kujifungua alivyokimbia mbele ya wakaguzi wa ligi huku fulana ikilowa kifuani, na jinsi mkaguzi mmoja alivyomuuliza yeye kocha kama wasichana wa chuo hiki wote hutoka jasho sehemu moja tu. Akaonyesha kwa vidole. Alichora duara mbili kwenye kifua chake mwenyewe, hapa na hapa.

Wakacheka. Sisemi walicheka kwa ubaya. Walikuwa na furaha, na wengine walikuwa na bia. Lakini walipokuwa wanacheka walikuwa wanageuka kunitafuta, mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidevu, na kila aliyeniona macho yake yalishuka palepale.

Niliweka sahani kwenye nyasi nikaenda mbele. Nilimnyang'anya kipaza sauti, na papo hapo Kiingereza chote nilichofundishwa mpaka kidato cha nne kikanitoka kichwani. Kikabaki Kiswahili. Nikasema nacho.

"Waambie na ulivyokuja nyumbani kwangu. Waambie ulikaa kwenye kochi langu, ukamshika mwanangu kichwa, ukala kiapo. Waambie na hayo, nayo wayacheke."

 Waliojua Kiswahili pale walikuwa wa kuhesabika, na wote waliangalia chini. Waliobaki walikuwa wananikodolea macho, wanasubiri. Mkuu wa michezo akakichukua kipaza sauti taratibu, kama mtu anayempokea mtoto kisu, akaniwekea mkono begani, akawatafsiria. Alisema dada huyu anakishukuru chuo kwa kumwamini, na anataka wasichana wote wajue kwamba kuwa mama hakumzuii mtu kitu.

Walipiga makofi. Wengine walisimama kabisa.

Nimeona haya na aibu mara nyingi, kabla na baada. Nimeona haya kwenye foleni za uhamiaji, nimeona haya kliniki. Lakini kusimama na mkono wa mtu yule begani, napigiwa makofi kwa maneno ambayo sikuyasema, sijaona kinachofanana nako. Uso uliniwaka mpaka masikio. Na mdomo wangu, Mungu wangu, mdomo wangu ulitabasamu.

Ngoja nieleze nilifikaje pale.

Chuo kile nilikiingia kwa ajili ya miguu. Nilikuwa mkimbiaji wa shule yetu ya sekondari Tanga, mzunguko mmoja wa uwanja, na nilikuwa hodari. Nikaolewa, nikamfuata mume wangu Johannesburg, nikajua mambo ya kukimbia yameisha. Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala. Tulipanga chumba na sebule Bertrams, karibu na uwanja mkubwa kiasi kwamba siku za mechi watu wakishangilia goli, vikombe vyetu kabatini vinagongana. Siku moja nilitoka spaza, kile kiduka cha jirani, nimebeba mfuko wa unga, nikaona robot, yaani taa za barabarani, inataka kuwa nyekundu, nikakimbia nivuke. Mwenye gari la mbele akashusha kioo. Alikuwa ameona kanga yangu.

"Dada, kama unakimbia hivyo na unga, bila unga inakuaje?"

Ndiye yeye. Kumsikia mtu anakutania kwa Kiswahili katikati ya honi za Johannesburg, usipime. Nilicheka mwenyewe njia nzima. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeandikishwa kwenye kozi ya mambo ya hoteli, bila ada, kwa sharti la kukimbia mbio kwa niaba ya chuo. Nafasi za bure za wasichana zilikuwa nne, na mimi nikawa wa nne. Mtu mwingine anaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho mji huu haukujua ukisome wapi, na kibali cha kukaa ambacho kila nikikihuisha naambiwa nirudi tena. Cheti cha hoteli cha hapahapa kilikuwa na maana ya kusimama mapokezi Sandton, kwa matajiri, nimevaa sare, badala ya kufagia saluni nilikokuwa kibarua, chini ya watu wanaosukwa. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Sikuwa na jingine.

Zamani vyuo vyote, vikubwa na vidogo, vilikuwa ligi moja. Vikubwa vilitupiga kila Jumamosi, na sisi tulikuwepo. Kisha vikubwa vikachoka na sisi. Vilitaka televisheni, vilitaka wafadhili wakubwa, vikakubaliana na vyuo vya Pretoria kuanzisha ligi yao. Ilikuwa kama shughuli ya harusi, wenye nyumba wanainuka wanaingia ndani kula, nyinyi mnabaki nje na turubai. Vyuo vidogo vikaanza kugombania nafasi chache zilizoachwa. Kitakachokosa kitabaki na mashindano ya kuokoteza, yasiyo na mfadhili. Na bila mfadhili hakuna nafasi za bure. Mkuu wa michezo alitueleza hivyohivyo, bila kuficha. Ligi ikienda, nafasi zinakwenda. Nafasi zikienda, mimi narudi kwenye ufagio.

Wakaguzi wa ligi mpya walikuwa wanazunguka, wanaangalia chuo kina uwanja gani, kina timu gani. Sharti lao moja lilikuwa timu ya wanawake itimie, na mbio za kupokezana vijiti zinataka watu wanne. Sisi tulikuwa wanne tu. Na mimi nilikuwa na mimba.

Hakukasirika. Alihesabu miezi akasema, "Wewe zaa tu salama, sisi tutangoja." Nikamwona mtu mwema. Kisha wakaguzi wakaileta siku yao mapema, kwa sababu zao wenyewe, ikaangukia ndani ya arobaini yangu.

Kwetu mzazi hatoki kabla ya arobaini. Hili halina mjadala. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifunga cherehani yake Rosettenville, alikokuwa anamshonea Mreno mmoja mapazia, akaja kunilea. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanifunga mkaja tumboni mpaka nikawa napumua nusunusu, akaninywesha uji wa pilipili manga. Dirisha halifunguliwi, mzazi hashiki maji ya baridi, mzazi hainami. Nilipomwambia kwamba wazungu siku ya pili wako dukani, alisema, "Wao wana mifupa yao. Nje huko ni Johannesburg. Humu ndani ni Tanga, na mimi ndiye mkuu wa mkoa."

Ndipo mkuu wa michezo alipokuja. Na alikuja kwa njia ambayo huwezi kumfungia mtu mlango: alikuja kumpongeza mzazi. Alileta sukari, sabuni ya mtoto, na nepi. Alivua viatu mlangoni. Wifi akamkaribisha chai, angefanya nini tena? Mgeni kaja kumwona mtoto. Alimpakata mwanangu vizuri, akamkunjua miguu.

"Huyu ni mkimbiaji," alisema. "Ona hii miguu. Hii si miguu ya Tanga, hii ni ya Eldoret."

"Ya Eldoret imefikaje humu," wifi akamuuliza, "na mama yake hata Mombasa hajafika?"

Tulicheka sote, na yeye akacheka kuliko sisi. Kikombe cha pili ndipo akaleta neno lake. Wakaguzi wanakuja, timu haijatimia, chuo kizima kinaniangalia mimi. Mzunguko mmoja tu, dada, na kijiti mkononi, hata kama nitakwenda mwendo wa kuchota maji.

Wifi alikataa kabla sijafungua mdomo. Alisema mzazi hakimbii, viungo vyake bado viko wazi. Mgeni akasema ni mzunguko mmoja tu. Wifi akamwambia, "Basi kimbia wewe, tukuazime sketi."

Hapo akaacha kucheka. Alinigeukia mimi, na mkono wake mmoja uko juu ya kichwa cha mtoto.

"Dada yangu, ukikimbia siku hiyo moja, nafasi yako haiguswi na mtu mpaka upate cheti. Ligi ibadilike, waje wakimbiaji kutoka wapi, wewe uko ndani. Naapa mbele ya huyu malaika."

Wifi alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha akasema, "Sawa. Kesho njoo na karatasi, muandikishane."

Nilitamani sakafu inimeze. Nieleze kwa nini, maana mtu aliyekaa kwao hawezi kuelewa. Huku ugenini karatasi ndiyo inayotusumbua. Karatasi ndiyo polisi anayoiomba kona, karatasi ndiyo inayokurudisha uhamiaji mara chungu nzima. Kwa hiyo sisi kwa sisi hatuandikishani. Mtu anakukabidhi ufunguo wa nyumba, anakukabidhi mtoto umpeleke Dar kwa bibi yake, kwa neno tu, kwa sababu mnasemezana lugha moja na amekunywa chai kwako. Kumwambia mtu wa namna hiyo atie sahihi ni kumwambia umemweka kundi moja na askari. Tena mbele ya zawadi zake, juu ya meza.

Nikasema, "Wifi, mtu wa kwetu haandikishwi."

Naye mgeni akasema, "Asante dada, umenisitiri."

Mume wangu aliporudi kazini tulimweleza. Alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akasema mwili ni wangu na masomo ni yangu, akala, akalala. Sikumlaumu wakati ule. Nilitaka aniachie niamue, na aliniachia.

Siku ya wakaguzi wifi alikuja na mimi. Hakukubali, alikuja tu, ndivyo alivyosema. Alinikaza mkaja chini ya fulana kwenye stoo ya viti ambayo tulikuwa tunaiita chumba cha kubadilishia nguo, akambeba mtoto, akaenda kukaa kwenye ngazi za uwanja. Fulana zetu zilikuwa za buluu ya mbingu. Rangi ile haifichi kitu, hata tone la maji ya kunywa linaonekana.

Wakaguzi walikuwa chini ya mwavuli, na meza na chupa za maji. Mimi nilikuwa wa tatu kupokea kijiti. Wa nne, wa kumalizia, alikuwa binti wa Lubumbashi, rafiki yangu, mwenye mbio kuliko sisi wote. Nilipokea vizuri. Mwanzo wa mzunguko hata nilifurahi, nilisikia upepo usoni, nikakumbuka miguu yangu ilivyokuwa. Kona ya pili tumbo likaanza kunivuta kuelekea chini, kama nimebeba ndoo ndani. Niliendelea. Nilikuwa namwona rafiki yangu kwa mbali, kanyoosha mkono nyuma.

Kwenye kona ya mwisho mwanangu akalia.

Kila aliyenyonyesha ameshajua kilichofuata. Mwili wa mzazi hauombi ruhusa. Mtoto analia kwenye ngazi, maziwa yanashuka uwanjani. Nilisikia joto, kisha baridi ya upepo juu ya ule unyevu, na sikuwa na mkono wa kujiziba, mkono mmoja una kijiti na mwingine ndio unaokimbia. Nikapita mbele ya ile meza hivyohivyo. Mkaguzi mmoja alishusha miwani ya jua ili aone vizuri. Mwingine alimnong'oneza mwenzake. Nikatoa kijiti, nikasimama palepale nimejikumbatia kama mtu wa baridi, na kocha wangu yuko pembeni anapiga makofi, anapaza sauti kwamba wametimia, wametimia.

Wifi alishuka ngazi. Hakukimbia. Alikata njia za kukimbilia katikati ya mbio, mtoto begani, kanga mkononi. Msimamizi akampigia filimbi, na binti wa Lubumbashi, aliyekuwa bado anazunguka, ikabidi amkwepe. Wifi hakugeuka. Alinifunika kanga kuanzia mabegani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twende ukanyonyeshe."

Kwenye stoo ya viti nilinyonyesha nikilia. Hakuniambia "nilikwambia." Angesema, ningepata wa kugombana naye. Jioni nilianza tena kutokwa damu, na kesho yake muuguzi wa kliniki alinisema mbele ya wagonjwa wengine, kwamba wasichana wa siku hizi tunajiona chuma. Niliitikia ndiyo, sista, ndiyo, sista. Wifi aliongeza siku zake kwangu na maji ya kukanda yakawa ya moto zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, na nilijua nimestahili.

Kisha habari zikaja kwamba chuo kimekubaliwa. Kisha sherehe. Kisha yale makofi niliyoyasimulia.

Baada ya sherehe nilikaa nyumbani siku kadhaa nikisema sirudi. Lakini masomo yalikuwa yanaendelea, na mimi nilijua nimeyalipia kwa kitu gani. Nikaenda ofisini kwake. Nilipanda zile ngazi za juu ya duka la magodoro nikiwa nimejipanga: sitazungumzia kicheko, nitauliza ratiba ya mazoezi basi.

Aliniambia nikae. Akaniambia kwa upole kabisa, kwa Kiswahili chetu, kwamba ligi mpya si mchezo, inataka mbio za viwango, na kuna msichana kutoka Durban ameshafika, anakimbia vizuri, na nafasi ni nne zilezile. Mimi naweza kuendelea na kozi kwa kulipa ada kama wanafunzi wengine.

Nilimkumbusha kiapo. Nilimkumbusha mkono wake ulikuwa wapi.

"Dada yangu," alisema, "yale yalikuwa maneno ya sebuleni. Hapa ni ofisini."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mwalimu anayemweleza mtoto tofauti ya saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni. Sisemi Wakenya wako hivyo, maana dunia inapenda kusikia hayo. Nasema yeye alikuwa hivyo. Alijua sebule zetu zinavyofanya kazi. Alijua mgeni akija na sukari hatolewi, alijua hatuandikishani, akaja na viatu mkononi kuchukua alichokitaka.

Na mimi, nikiinuka, nikasema samahani. Nikamwambia, "Samahani kwa usumbufu." Mpaka leo nikiwa naosha vyombo neno hilo linanijia, nafumba macho.

Binti wa Lubumbashi alikuwa ananingoja chini. Yeye nafasi yake ilibaki. Nilipomwambia nitaandika malalamiko, niyapeleke ofisi ya ligi yenyewe, alinivusha barabara kwanza.

"Yaya," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, "ukipeleka ile barua, ligi itaondoa chuo, na miye nitaondoka pia. Unajua hiyo?"

Nilimwambia najua.

"Walikufanyia mubaya. Miye niliona kwa macho yangu. Lakini ile nafasi ni yote niko nayo."

Nilimjibu kwamba na mimi ndiyo yote niliyokuwa nayo. Hatukugombana. Tulisimama pale kama watu wawili wanaovutana na shuka moja kwenye baridi. Alinishika mkono, akaenda zake, na sikuwa na uhakika kama bado ni rafiki yangu.

Nililemewa na hilo. Barua ya kwanza niliyoandika ilitaka chuo kitolewe kwenye ligi, kifungwe, kigeuzwe ghala la magodoro. Niliichana, si kwa wema. Nilimwona yule binti akisuka nywele za watu Yeoville kwa sababu yangu. Barua ya pili niliiandika kwa adabu. Wifi alinitaka nimsomee kwa Kiswahili. Nilipofika mahali niliposema "nilipata tatizo la kiafya wakati wa mashindano," alinikatiza.

"Tatizo la kiafya ndiyo nini? Kikohozi?"

Nilimwambia siwezi kuandika lile neno. Itasomwa na wanaume. Kwetu mambo ya kifua cha mwanamke hayatajwi mbele ya kaka yako, seuze mbele ya ofisi ya ligi kule Sandton.

"Wao wameshayataja," alisema. "Kwenye kipaza sauti. Kwa vidole. Wewe ndiye peke yako unayeyafichia. Andika kifua. Andika maziwa. Hayo si matusi, mtoto anayala."

Nikaandika. Nilitumia Kiingereza changu cha sekondari, bila kumwomba mtu anisahihishie, kwa sababu anayenisahihishia angenilainishia. Nilipanda treni ya kasi kwenda Sandton na mtoto mgongoni, katikati ya watu wenye kompyuta magotini, na mikono ilikuwa inanitoka jasho mpaka bahasha ikajikunja.

Ofisi ya ligi mapokezi alikuwepo kijana, amevaa tai, msafi. Alinieleza kwamba kila malalamiko lazima yawe na kichwa cha habari kabla hajayagonga muhuri. Akashika kalamu, akaniuliza yanahusu nini. Nyuma yangu walikuwa wamekaa watu wanasubiri. Nikamwambia aandike maziwa. Aliinua kichwa akaniangalia, akidhani hajasikia. Nikarudia, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, na uso wangu ulikuwa unawaka, lakini nilimwangalia machoni mpaka akaandika.

Haya ndiyo niliyoyapeleka, nimeyarudisha kwenye Kiswahili bila kuyapamba:

"Kwa ofisi ya ligi. Mimi ni mwanamke aliyekimbia mzunguko wa tatu wa kupokezana vijiti siku mlipokuja kukagua chuo chetu. Siku ile nilikuwa nimetoka kujifungua na sikuwa nimepona. Nilikimbia kwa sababu mkuu wa michezo alikuja nyumbani kwangu akaapa kwamba nikikimbia nitabaki na nafasi yangu mpaka nipate cheti. Bila mimi timu isingetimia na chuo kisingeingia ligi yenu. Kimeingia, na nafasi yangu kapewa mwingine.

"Hakuna karatasi ya kiapo hicho. Wifi yangu aliitaka, mimi nikamkataza. Wifi yangu yuko tayari kuja kusema aliyoyasikia.

"Mlichokiona kwenye kifua changu yalikuwa maziwa ya mtoto wangu, aliyekuwa analia. Mmoja wenu alifanya mzaha juu yake, na mzaha huo umerudiwa mbele ya watu wengi. Baada ya mbio zile nilitokwa damu. Kliniki wanaweza kuwaambia.

"Siombi chuo kitolewe. Wenzangu watatu walikimbia kwa haki na wasiguswe. Naomba nafasi yangu irudishwe, na mkuu wa michezo aniombe radhi mbele ya watu walewale aliowachekesha. Na naomba muandike kwenye kanuni zenu kwamba mwanamke aliyejifungua asihesabiwe kwenye timu mpaka daktari aseme amepona, na kwamba kwa kutokukimbia asinyang'anywe nafasi.

"Mkiniita kwenye kikao nitakuja. Nitakuja na mtoto, kwa sababu bado ananyonya, na akilia nitamnyonyesha hapohapo."